Yi Kwang-su au Hyun Jin-geon: uanze na nani katika fasihi ya Korea?

Mtu akishazoea tamthilia za Kikorea, ipo siku hutamani kusoma walichoandika Wakorea wenyewe, tena kuanzia kule mwanzo. Akianza kuulizia, majina mawili yatamjia mapema. La kwanza ni Yi Kwang-su, aliyezaliwa mwaka 1892, mwandishi wa Mujeong, tuseme "Bila Huruma", ambayo wengi huihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya kisasa ya Kikorea. La pili ni Hyun Jin-geon, aliyezaliwa mwaka 1900, fundi wa hadithi fupi, ambaye "Siku ya Bahati" yake ya mwaka 1924 inasomwa na wanafunzi wa Korea Kusini mpaka leo.

Wawili hawa walikuwa wa kizazi kimoja cha matatizo. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910, na karibu kila walichochapisha kilitoka chini ya utawala huo. Wote walikuwa watu wa magazeti, na kwa miaka kadhaa walifanya kazi katika gazeti moja, Dong-A Ilbo. Hata hivyo ukiwasoma kwa kufuatana utadhani waliishi nchi mbili.

Kama una jioni moja tu, chukua Hyun. Kama una subira ya riwaya nene yenye mihadhara ndani yake, na unataka kuijua ndoto iliyowasukuma vijana wa Korea miaka ile, chukua Yi. Mimi ningekushauri uanze na Hyun hata kama muda unao. Lakini usinikubalie kabla ya kusikia kila mmoja ana nini.

Yi Kwang-su na riwaya ya gazetini

Yi alizaliwa Jeongju, katika mkoa wa Pyongan Kaskazini, eneo ambalo leo liko Korea Kaskazini. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka kumi, kipindupindu kiliwachukua baba yake na mama yake. Watu wa dini ya Donghak ndio waliompokea, na kwa njia yao akapata ufadhili wa kwenda kusoma Japani mwaka 1905. Alisoma Meiji Gakuin jijini Tokyo. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa, mwaka 1909, aliiandika kwa Kijapani. Mwaka uliofuata akarudi kwao kufundisha katika shule ya Osan, kisha mwaka 1915 akavuka bahari tena, safari hii kusoma Chuo Kikuu cha Waseda.

Alikuwa bado mwanafunzi pale Mujeong ilipoanza kutoka katika gazeti la Maeil Sinbo, tarehe 1 Januari 1917. Iliendelea mpaka tarehe 14 Juni, sehemu 126. Maeil Sinbo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni yenyewe. Riwaya inayotajwa kuwa mwanzo wa fasihi mpya ya taifa ilichapwa kwa mitambo ya mkoloni, na ukilijua hilo tangu mwanzo, mengi ya baadaye katika maisha ya Yi hayatakushtua sana.

Riwaya inaanza mchana wa Juni. Mwalimu Yi Hyeong-sik amemaliza kipindi chake cha Kiingereza saa nane, anatembea juani huku jasho likimtoka, anaelekea kwa Mzee Kim, tajiri wa kanisa mjini Seoul, kumfundisha binti yake Seon-hyeong Kiingereza. Hajawahi kukaa karibu na msichana hivyo. Njiani anawaza: tutaweka meza katikati? Basi pumzi zetu zitakutana. Huenda nywele zake zikanigusa paji la uso, magoti yakagusana chini ya meza. Anaziba mdomo kwa mkono na kupuliza ili anuse pumzi yake kama inanuka. Kwa wasomaji wa mwaka 1917, waliozoea hadithi za mashujaa na mabinti waadilifu wasio na dosari, kuingizwa ndani ya kichwa cha mwalimu mwenye wasiwasi wa harufu ya mdomo wake lilikuwa jambo jipya kabisa. Ukurasa huo mmoja unatosha kueleza kwa nini Yi aliwateka.

Jioni ile ile anamjia mgeni, Park Yeong-chae. Baba yake, msomi Park, ndiye aliyemlea Hyeong-sik alipokuwa yatima, na kwa nusu ahadi alikuwa amemwekea binti huyu. Msomi huyo alifungwa kwa kosa lisilo lake. Ili kumtoa, Yeong-chae akiwa bado mtoto alijiuza na kuwa gisaeng, yaani mwanamke anayefunzwa kuimba, kucheza na kuwaburudisha wanaume wenye uwezo. Baba alipopata habari hiyo alikataa chakula akafa gerezani. Miaka yote hiyo Yeong-chae amejitunza kwa ajili ya Hyeong-sik. Sasa amempata, na Hyeong-sik anababaika: mkono huu deni la zamani, mkono huu Seon-hyeong na safari ya Marekani.

Yanayofuata sitayamwaga yote. Yeong-chae anabakwa na watu wenye vyeo, anaacha barua, anapanda treni kwenda Pyongyang akajitupe mto Daedong. Ndani ya behewa chembe ya makaa kutoka kwenye injini inamwingia jichoni. Msichana aliyeketi karibu, Byeong-uk, mwanafunzi anayesoma Japani, anamsaidia kuitoa. Maongezi yanaanzia hapo. Byeong-uk anamweleza kwamba maisha aliyoyaishi mpaka sasa yalipangwa na wengine, kwamba hana deni la kufa kwa ajili ya mwanamume ambaye hata hakumjua vizuri. Yeong-chae hafi. Kwangu mimi hiki ndicho kisa kikuu cha riwaya nzima, kuliko lolote analolifanya Hyeong-sik. Kinaanzia kwenye chembe ya makaa jichoni, na mwanamke mmoja anamrudisha mwenzake duniani.

Udhaifu wa Mujeong nao ni mkubwa. Msimulizi hawezi kunyamaza. Mhusika akilia, tunaelezwa kwa nini watu wa zamani walilia vibaya na watu wapya walie vipi. Vitu vinatokea kwa bahati mno, maana kila anayepanda treni humkuta aliyemkimbia. Msomaji aliyelelewa na tamthilia atalivumilia hilo kirahisi. Msomaji anayetaka hadithi iliyokazwa vizuri atachoka katikati.

Hyun Jin-geon na siku moja ya mvua

Hyun alizaliwa Daegu, kusini. Alianza kujulikana mwaka 1921 kwa "Mke Maskini", hadithi ya mwandishi asiye na kipato na mkewe. Inaanza mke akipekua kabati akitafuta nguo aliyobakiwa nayo ya kuweka rehani ili wapate kula. Tangu hapo unajua huyu mtu anaandikia wapi: ndani ya nyumba isiyo na kitu.

"Siku ya Bahati" ilitoka mwaka 1924 katika jarida la Gaebyeok. Ni kurasa chache tu. Kim Cheomji ni mvuta riksho jijini Seoul, riksho ile ya zamani inayokokotwa na binadamu. Mbingu zimefunga kana kwamba theluji itaanguka, lakini kinachodondoka ni mvua nusu barafu. Kwa karibu siku kumi hajapata kitu. Leo asubuhi bahati imefunguka. Amembeba mama mmoja mpaka kituo cha tramu na kupata jeon 30, kisha mtu wa suti anayeonekana kuwa mwalimu, jeon 50. Jeon 100 ni won 1. Kwa jeon 80 anaweza kulainisha koo kwa kikombe cha pombe na kumnunulia mkewe mgonjwa seolleongtang, supu nyeupe ya mifupa ya ng'ombe inayochemshwa kwa saa nyingi, ambayo mke ameitamani siku tatu.

Mke anakohoa zaidi ya mwezi. Asubuhi amemsihi asitoke: leo baki, naumwa mno. Kim amemkaripia akatoka. Wakati fulani amemzaba hata kofi, kwa kuwa alikula mtama ambao haujaiva akazidi kuumwa. Hyun hamfichi mtu wake, wala hamwombei radhi kwetu.

Kisha mwanafunzi mwenye sare anamwita: mpaka kituo cha Namdaemun ni bei gani? Kim, kwa hofu ya kuikosa safari na hofu ya kwenda mbali wakati mke yuko hali ile, anataja won 1 na jeon 50. Mwanafunzi anakubali. Hapa ndipo Hyun anaonyesha ufundi ambao sijauona kwa Yi hata sehemu moja kati ya 126. Kim anakimbia mbio, miguu myepesi ajabu. Njia inapopita karibu na nyumbani kwake, miguu inakuwa mizito. Anasikia sauti ya mkewe ikimsihi, anasikia mtoto akilia. Anasimama bila kujua. Abiria anamkemea, mbona umesimama, treni itaniacha! Anapokaza tena na nyumba ikabaki nyuma, miguu inapata wepesi, kana kwamba kwa kukimbia atayaacha mawazo. Hakuna hata mstari mmoja wa kumfundisha msomaji aumie wapi.

Kituoni anataka abiria wa kurudi naye, lakini anawaogopa wavuta riksho wa pale ambao hawapendi wageni, basi anasimama pembeni kidogo. Anajaribu kumwomba mwanamke mmoja aliyejiremba, anafukuzwa. Baadaye anapata mwingine mwenye mzigo mkubwa kwa jeon 60. Siku haijawahi kuwa nzuri hivi, na kadiri fedha inavyoongezeka ndivyo hofu yake inavyopanda. Anakutana na rafiki yake Chisam, wanaingia kilabuni, anakula na kunywa kupita kiasi, anacheka, analia, anasema mke wangu amekufa, halafu anasema natania, yu hai. Anazitupa sarafu chini akizilaani. Msomaji anaelewa kwamba mtu huyu anaogopa kurudi nyumbani.

Anarudi, supu mkononi. Anachosikia mlangoni sitakieleza kwa ukamilifu. Nitasema tu kwamba kikohozi hakipo, na mtoto ananyonya lakini sauti ya kumeza haisikiki. Kwenye maneno ya mwisho Kim anamuuliza mkewe kwa nini hali, ilhali supu ameletewa.

Anayewajua wavuta mikokoteni wa miji yetu, wanaoomba mzigo alfajiri bila kujua jioni watarudi na nini, hahitaji kuelezwa Kim Cheomji ni nani.

Kituo kile kile, reli ile ile

Sasa waweke pamoja. Kituo cha Namdaemun ambapo Kim Cheomji anasimama pembeni kwa woga ndicho Hyeong-sik na Seon-hyeong wanachoondokea mwishoni mwa Mujeong, wakisindikizwa na watu, wakienda Marekani kusoma. Kwenye riwaya tuko ndani ya behewa pamoja na wanaoondoka. Kwenye hadithi fupi tuko nje, kwenye mvua, na aliyemleta abiria. Yi anatuuliza wanaosafiri watarudi na elimu gani. Hyun anamtazama aliyelipwa won 1 na nusu kuwawahisha.

Halafu treni inakwenda kusini. Katika Mujeong inasimamishwa na mafuriko kwenye kituo cha Samnangjin. Vijana wanne, Hyeong-sik, Seon-hyeong, Yeong-chae na Byeong-uk, ambao sasa wamekutana ndani ya treni hiyo, wanashuka na kuwaona wakulima waliopoteza kila kitu, na mama mjamzito mwenye uchungu matopeni. Wanaandaa tamasha la muziki kituoni kuwachangia. Usiku wanakaa kujiuliza: hawa watu tuwape nini? Jibu ni elimu, sayansi. Kila mmoja anataja atakachosomea. Hyeong-sik anasema biolojia, na hapo Yi anafanya jambo ambalo linamwinua sana machoni pangu: anatuambia kwamba hakuna aliyekuwepo aliyejua biolojia ni nini hasa, hata msemaji mwenyewe, na kwamba ni wa kuhurumiwa wao pamoja na zama zinazowategemea. Kwa mistari michache mwandishi anaiona ndoto yake kwa jicho kavu. Kisha anaisahau hofu hiyo na kutuhitimishia kwa matumaini.

Hyun naye ana treni yake. Hadithi inaitwa "Nyumbani Kwetu", ya mwaka 1926, na reli ni ile ile, safari hii kutoka Daegu kwenda Seoul. Msimulizi ameketi karibu na mtu wa ajabu kwa mavazi: juu kajitanda kimono kama joho, ndani shati la Kikorea, chini suruali ya Kichina. Mwanzoni anamkera. Taratibu mtu huyo anasimulia. Kijiji chao kilikuwa kikilima mashamba ya serikali ya zamani, kisha yakaingia mikononi mwa kampuni ya ukoloni ya Kijapani, ile ya Maendeleo ya Mashariki, na wakulima wakabanwa mpaka wakahama. Familia ikaenda Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Wazazi wakafia huko. Yeye akafanya kazi za mgodini Japani. Akarudi kijijini akakuta hakuna kijiji. Msichana aliyekuwa achumbiwe naye alikuwa ameuzwa na baba yake kwa won 20, akiwa na miaka 17. Alimkuta ameisha kwa maradhi. Wakanywa pamoja, wakaachana.

Nguo zile za nchi tatu zinaeleza kila alikofukuzwa. Unaweza kusoma vitabu vya historia kuhusu unyang'anyi wa ardhi Korea, na inafaa uvisome, lakini mtu huyu wa kimono na suruali ya Kichina ndiye utakayemkumbuka.

Hii ndiyo sababu yangu kubwa. Kwa Yi maskini ni watu wa kufundishwa, na tunawaona kwa macho ya wanaotaka kuwafundisha. Hyun anaifanya hadithi iwe ya maskini mwenyewe, pamoja na ukatili wake na mapenzi yake yasiyojua pa kwenda. Ukimsoma Hyun kwanza, utakapofika Samnangjin utawauliza wale vijana wanne maswali ambayo Yi hakutaka uyaulize.

Kwa upande wa wanawake, hata hivyo, Yi ana kitu ambacho Hyun hana. Mke wa Kim Cheomji hana jina wala hana maisha nje ya mkeka wake. Wake wa Hyun huvumilia, hulia, hufariki. Yi anampa Yeong-chae historia, hasira, rafiki, na kesho. Kwa msomaji anayetafuta mwanamke anayepata njia ya kutoka, Mujeong ina uzito zaidi.

Maisha yao, na jinsi ya kuyasoma

Huwezi kuchagua kati ya wawili hawa bila kuuliza walifanya nini nje ya karatasi, kwa sababu Wakorea wenyewe hawajaacha kuuliza.

Yi alianza akiwa shujaa. Ndiye aliyeandika tamko la uhuru lililosomwa na wanafunzi wa Korea jijini Tokyo tarehe 8 Februari 1919, majuma machache kabla ya maandamano makubwa ya tarehe 1 Machi nyumbani. Akakimbilia Shanghai, akahariri gazeti la Serikali ya Muda ya Korea iliyo uhamishoni. Mwaka 1921 akarudi Korea, na minong'ono ikaanza. Mwaka 1922 akachapisha katika Gaebyeok insha iliyodai kwamba tatizo la Wakorea ni tabia yao, kwamba taifa lahitaji kujengwa upya kimaadili kabla ya mengine. Vijana wengi walikasirika. Aliendelea kuwa mwandishi mkubwa kupita wote. Riwaya yake "Udongo", ya 1932 hadi 1933 katika Dong-A Ilbo, inamhusu wakili anayeacha mji kwenda kuwatumikia wakulima.

Mwaka 1937 Wajapani walimkamata pamoja na wanachama wa chama cha kujiendeleza alichokuwamo, wakiwemo wafuasi wa Ahn Chang-ho, kiongozi wa harakati za uhuru, na Ahn mwenyewe. Ahn alifariki mwaka uliofuata. Yi akageuka. Mwaka 1940 alichukua jina la Kijapani, Kayama Mitsuro, na wakati wa vita alihubiri vijana wa Korea wajiunge na jeshi la Japani. Baada ya uhuru, mwaka 1948, alichapisha utetezi akisema aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili ya taifa. Mwaka 1949 alikamatwa na kamati ya kuwashughulikia waliotumikia ukoloni, akaachiliwa. Vita vya Korea vilipozuka, alichukuliwa kupelekwa kaskazini, akafa mwaka huo huo wa 1950.

Hyun hakuandika tamko lolote. Kaka yake, Hyun Jeong-geon, alikuwa mpigania uhuru huko Shanghai, alifungwa, akafariki mwaka 1932 muda mfupi baada ya kutoka gerezani. Hyun mwenyewe alikuwa mkuu wa dawati la habari za jamii Dong-A Ilbo mwezi Agosti 1936, Mkorea Sohn Kee-chung aliposhinda marathoni ya Olimpiki ya Berlin akiwa amevaa bendera ya Japani kifuani. Gazeti lilichapisha picha yake bendera ikiwa imefutwa. Likafungiwa, Hyun akawa miongoni mwa waliotupwa ndani. Alipotoka aliacha kazi ya gazeti, akafuga kuku Buam-dong, pembezoni mwa Seoul, na kuandika riwaya za kihistoria. Moja, ya 1938 hadi 1939, ni ya fundi mawe kutoka Baekje, ufalme wa kale wa Korea, aliyejenga mnara wa hekalu la Bulguksa, na mkewe anayemngoja. Nyingine, kuhusu jenerali wa Baekje aliyepinga jeshi la Tang, wavamizi kutoka China, baada ya ufalme wake kuanguka, ilikatizwa kabla haijaisha. Mtu hahitaji kuambiwa kwa nini. Aliondoka duniani tarehe 25 Aprili 1943, akiwa na miaka 42, maskini, na jina lake la Kikorea.

Je, tumwache Yi? Sikubaliani na wanaosema hivyo. Mtu akiondoa Mujeong, hawezi tena kueleza riwaya ya Kikorea ilizaliwaje. Lakini sikubaliani pia na wanaosema maisha ni kitu kimoja na kitabu ni kingine. Anayeamini kwamba watu wake ni wagonjwa wanaosubiri kutibiwa na wenye elimu, ana hatua fupi ya kukubali kwamba mwenye nguvu zaidi ndiye daktari. Mbegu ya hatua hiyo iko Samnangjin. Haikuwa lazima iote, maana Ahn Chang-ho alifundisha kujiboresha vile vile na hakuinama. Ndiyo maana Mujeong inanivuta: ndani yake kuna njia mbili, na unajua mwandishi alifuata ipi.

Ukitaka kuwatafuta

Tafsiri nyingi utakazozipata ni za Kiingereza. Mujeong ilitafsiriwa na Ann Sung-hi Lee na kutoka mwaka 2005, ikiwa na utangulizi mrefu kuhusu mwandishi. Soma utangulizi huo baada ya riwaya, la sivyo utaharibiwa mambo. "Siku ya Bahati" iko katika mikusanyo mingi ya hadithi fupi za Korea. Unapotafuta, jaribu maandishi tofauti ya majina: Yi Kwang-su huandikwa pia Lee Kwang-soo au Yi Gwangsu, na Hyun Jin-geon huandikwa Hyŏn Chin-gŏn. Ukitafuta kwa namna moja tu unaweza kudhani hakuna kitu.

Lugha ya Hyun inapita vizuri katika tafsiri kwa kuwa ana vitendo na vitu: mvua, sarafu, bakuli la supu. Yi anapoteza zaidi. Uzuri wake mkubwa mwaka 1917 ulikuwa kuandika riwaya ndefu kwa lugha karibu na ile ya mazungumzo, na kwa herufi za Hangul, yaani za Kikorea, badala ya kujaza herufi za Kichina, na hilo msomaji wa tafsiri hawezi kulionja.

Kuna jina la tatu ambalo sitaki ulikose, hasa kama kilichokugusa hapa ni Yeong-chae. Na Hye-seok, aliyezaliwa Suwon mwaka 1896, alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta aliyesomea Tokyo, akafungwa miezi kadhaa kwa kushiriki harakati za 1919. Mwaka 1918 alichapisha "Gyeonghui", hadithi ya mwanafunzi wa kike aliyerudi likizo kutoka Japani na kukuta nyumba nzima inataka aolewe. Gyeonghui anapika, anafagia, anashona, anawaonyesha kwamba elimu haikumharibu mikono, na bado usiku anatetemeka kwa kujiuliza kama kweli ataweza kumkatalia baba yake. Mwaka 1934, baada ya talaka, Na alichapisha maungamo kuhusu ndoa yake na kuwauliza wanaume wa Korea kwa nini wanadai usafi wasiokuwa nao. Jamii ilimtenga. Alifariki mwaka 1948 katika hospitali ya wasio na mtu.

Mpangilio wangu basi ni huu. Jioni ya kwanza, "Siku ya Bahati", kwa mkao mmoja. Kesho yake, "Nyumbani Kwetu". Ukijisikia unataka zaidi, ndipo ufungue Mujeong, na ujipe ruhusa ya kuruka mihadhara mpaka Yeong-chae atakapopanda treni ya Pyongyang. Kuanzia hapo usiruke kitu. Weka "Gyeonghui" mwishoni, usome Gyeonghui na Yeong-chae kwa pamoja, mmoja kaandikwa na mwanamume na mwingine na mwanamke, mwaka mmoja tu kati yao.

Lakini kama unajua fika kwamba wewe ni mtu wa riwaya ndefu, na hadithi fupi hukuacha na njaa, usilazimishe mpangilio wangu. Anza na Yi. Hyun hatakuchukua zaidi ya saa moja utakapomrudia.